Risasi iko bado ku mugongo ya mudogo yangu, tuuzishe parsele ili baitoe?

"Jambo munganga. Mudogo yangu iko na miaka 24, alikuwa motari hapa Goma. Kumeisha kupita miezi 4 tangu risasi ilimuingia ku mugongo, alikuwa anarudia nyumbani mangaribi. Haikutoka. Radio inaonesha ilikwama ku mufupa ya D8. Tangu siku ile hasikii kitu kuanzia kitovu kushuka, na miguu haitembei. Ku lopitali balimuchunga wiki 5, banganga bakakataa kuitoa, bakatuambia turudi naye. Sasa jamaa banasema tuuzishe parsele ya baba tumupeleke Kampala ao Inde baitoe, atatembea. Tunagombana kila siku juu ya ile. Wiki hizi miguu yake inarukaruka usiku, mama anasema Mungu ameanza kumuponesha, na kuko muzee mmoja anakujaka kumukanda na maji ya moto. Sonda ni ile ile balimuwekea ku lopitali. Iko pia na kadonda kadogo ku makalio lakini hakamuumi. Fiancée yake ananiuliza kama atazaa, sijue nimujibu nini. Tufanye je?"

Dada, pole sana, na umufikishie mama pole yangu. Swali ya risasi na ya parsele nitaijibu yote, lakini niruhusu nianze na ile neno uliandika karibu na mwisho kama vile haina uzito, kadonda kadogo ku makalio, hakamuumi. Hiyo njo ilinitia woga kupita risasi. Hakamuumi juu hasikii. Mutu mwenye hasikii anaweza kulalia fasi moja usiku muzima, nyama inabanwa katikati ya mufupa na kitanda, damu haipiti, nyama inakufa, na mara mingi inaanzaka kufa kule chini karibu na mufupa mbele hata ngozi haijapasuka. Kwa hiyo kile unaona inje kama kifuniko ya chupa, ndani inaweza kuwa shimo yenye ngumi inaingia. Hii njo eskari. Batu mingi benye balipigwa masasi ku mugongo habakufa na masasi, balikufa nyuma ya miezi ao miaka na eskari yenye ilioza, ao na figo zenye ziliharibika.

Kwa hiyo kuanzia leo, usingoje kesho, asilalie tena kile kidonda, hata dakika 10. Kama iko ku mufupa ya mukia, asilale kimugongo kabisa. Alale ubavu wa kushoto, kisha wa kulia, kisha kifudifudi, mumugeuze kila masaa 2, muchana na usiku. Najua ni kazi ngumu, njo maana isibaki juu ya mama peke yake, mugawane zamu na muweke alarm ku telefone. Akilala kifudifudi muweke mito chini ya kifua na ingine chini ya miguu ili vidole visigusane na matela, na akizoea anaweza kupitisha masaa mingi vile bila kuamushwa, inasaidia kidonda na inanyoosha nyonga pia. Katikati ya magoti kuwe na mto, visigino vikae hewani. Ile mupira ya ndani ya gari yenye batu banaikaliaka kama duara, muitupe, inakata damu kuzunguka kidonda na kidonda inapanuka.

Kuosha, tumia maji yenye ilichemuka na ikapoa, kijiko kidogo kimoja ya chumvi kwa nusu litre, kisha funika na kitambaa safi. Msifungue gelule za ampicilline kumwaga unga ndani, msitie alkol wala dawa ya meno, najua hayo yote inafanyikaka kwenye manyumba zetu na inachelewesha tu. Ale vizuri, maharagi, sambaza, mayai, soja, juu kidonda inajengwa na chakula kama vile ukuta inajengwa na matofali. Na kwa ngozi yetu nyeusi msingoje kuona wekundu, tafuta fasi yenye imekuwa nyeusi zaidi ao ya zambarau, inangaa, ukigusa ni moto ao ni ngumu kuliko pembeni yake. Iko na telefone, iko na mikono mizima, ajipige picha mwenyewe ku makalio asubui na mangaribi, aangalie. Hiyo kazi ya kuangalia ngozi ni yake, akijifunza sasa ataifanya maisha yake yote. Infirmie anapaswa kuona kile kidonda wiki hii. Kama inanuka, iko na nyama nyeusi, unaona mufupa, ao mudogo yako iko na homa, usingoje wiki, umupeleke leo.

Sasa risasi yenyewe. Jamaa zenu banafikiri, na batu karibu bote banafikiri vile, kama risasi iko pale inabana mishipa, ukiitoa mishipa itafunguka na miguu itaamuka. Ningekuwa sina elimu ya kazi hii na miye ningefikiri vile vile. Lakini risasi ya AK inatoka ku bunduki na mbio ya meta 700 na zaidi kwa sekunde moja, ikiingia mwilini inasukuma nyama pembeni kwa nguvu na nyama inarudi kwa nguvu, na hata kile yenye haikugusa inapondeka. Moeli, ile kamba ya mishipa ya fahamu yenye inapita katikati ya mifupa ya mugongo, ni laini sana, unene wake ni kama wa kidole kidogo, na iko imefungiwa ndani ya mufupa, haina fasi ya kukimbilia. Kwa hiyo ubaya mukubwa ulifanyika palepale, kwa nukta moja, kisha masaa na siku zenye zilifuata moeli ikavimba, damu ikapungua, sehemu ingine ikakufa. Nyuma ya miezi 4 pale penye paliumia pamekuwa kovu. Munganga akiingia leo na kutoa ile chuma, atakuwa ametoa chuma tu, mishipa yenye ilikatika haitaungana juu chuma imetoka.

Na operasio yenyewe iko na bei yake mwilini. Anaweza kupata mikrobe, maji yenye inazunguka moeli inaweza kuanza kuvuja, na ili kufikia risasi inabidi kukata mufupa yenye leo inashika mugongo vizuri. Mugongo yenye ilipigwa risasi mara mingi inabakiaka imara, si kama ya mutu mwenye alianguka ku muti ao aligongwa na camion. Banganga benye balikatalia mudogo yako habakumutupa. Ku D8, mufupa ya nane ya mugongo kwa urefu ya kifua, risasi ikiwa imetulia ndani ya mufupa, mugonjwa hasikii kitu chini na hali haizidi kushuka, kuiacha pale njo kawaida, ni vile vile batamufanyia Kampala, Nairobi ao Ulaya kama atakutana na munganga mwaminifu.

Sisemi operasio haina kazi kabisa. Iko na kazi kama mutu alikuwa anasikia na anacheza miguu kidogo, kisha akaanza kupoteza ile alikuwa nayo, na skaneri inaonesha risasi, kipande ya mufupa ao damu inabana moeli. Iko na kazi kama maji ya moeli inavuja na haikauki, kama mifupa imelegea, kama kuko usaha ndani. Kuko pia ile sehemu ya chini ya mugongo, kuanzia D12 kushuka mpaka L4, pale risasi ikiwa ndani ya mufereji yenyewe, kuitoa imeonekana inasaidia bagonjwa bamoja kurudisha nguvu ya miguu, juu kule moeli inakuwa imeisha ao iko inaisha na kunabaki mizizi ya mishipa yenye inavumilia kupita moeli. Mudogo yako haiko kwenye hiyo hali. Nakuambia juu wengine benye banasoma hii banaweza kuwa ndani yake, na kila mutu risasi yake ilikaa fasi yake.

Mama anaweza kuogopa kama risasi itatembea iende ku roho, ao itamwaga sumu. Yenye iko ndani ya mufupa inazungukwa na kovu na inabaki pale. Sumu ya plombu, ile madini ya ndani ya risasi, iko kweli lakini ni ya nadra, na hatari yake inakuwa zaidi kama risasi iko ndani ya kiungo kama goti ao nyonga, ndani ya ile mito ya katikati ya mifupa ya mugongo, ao ndani ya maji ya moeli. Akianza kuumwa tumbo mara kwa mara bila sababu, damu inapunguka, anachoka sana, anachanganyikiwa, umukumbushe munganga kama kuko risasi mwilini apime plombu ndani ya damu. Na kama mutu anawaambia muende kufanya IRM, museme mbele ya kuingia kama kuko risasi. Risasi mingi za AK ziko na chuma ndani, na ile mashini ni sumaku kali sana, inaweza kuivuta. Skaneri ya kawaida inatosha kuonesha kile munganga anatafuta.

Juu ya miguu kurukaruka, hapa nitasema kitu yenye mama hatapenda, na naomba umuambie kwa upole. Siku za kwanza nyuma ya risasi moeli yote chini ya kidonda inanyamaza, miguu inakuwa laini kama nguo. Nyuma ya wiki kadhaa ile sehemu ya chini inaamuka lakini peke yake, bila kuzungumuza na kichwa, inaanza kujibu kila kitu yenye inaigusa, shuka, baridi, kibofu yenye imejaa. Miguu inakunjika, inaruka, inatetemeka. Ni moeli ya chini iko hai lakini amri ya kichwa haifiki. Haina maana iko anaanza kutembea. Kutofautisha ni rahisi, mwambie asogeze kidole gumba ya muguu pale unamuambia, kisha aache pale unamuambia. Kama kidole inatii, hata kidogo, ni habari kubwa, kimbia umuambie munganga. Kama muguu inaruka pale inataka yenyewe, ni ile nimeeleza.

Hii kurukaruka iko na faida kidogo, inachungaka nyama ya miguu, lakini ikizidi inakunja magoti mpaka hayafunguki tena. Kila siku, asubui na mangaribi, munyooshe magoti, nyonga na visigino pole pole, ushike pale karibu dakika moja, bila kupigana nayo. Kine, munganga wa mazoezi ya viungo, atakuonesha kwa nusu saa na utajua. Kuko dawa, baclofène, munganga njo anaiandikaka na anaipandisha kidogo kidogo, na mutu haiachaki kwa mara moja, ni hatari. Na kama siku moja miguu inaanza kuruka kupita kawaida, muangalie kwanza ngozi, mukojo, choo, ukucha yenye imeingia nyama. Hasikii maumivu, kwa hiyo mwili wake unapiga kelele kupitia miguu.

Atatembea? Sitaweza kukujibu nikiwa huku, lakini kuko kipimo yenye munganga anaweza kufanya kwa dakika 10 bila mashini, na kama habakuwaeleza, muombe. Anagusa na kuchoma kidogo na pini kuzunguka tundu ya nyuma, anaingiza kidole na kumuambia mugonjwa abane. Ni haya, lakini ile sehemu njo mwisho kabisa wa moeli, kama ujumbe unafika pale, ina maana kuko waya zenye zilibaki na mambo yake ni ingine, kuko matumaini ya kweli ya kurudisha kitu. Kama nyuma ya miezi 4 hakuna kusikia wala kubana hata kidogo pale, kurudi kutembea ni nadra sana, na kwa risasi ni nadra kupita aksida zingine. Kile kinarudi, sehemu kubwa inarudi ndani ya miezi 6 ya kwanza, inaendelea pole pole mpaka karibu na mwaka, kisha inakuwa kidogo sana. Kuko batu batawaambia seli za kupandikiza kule Inde, ao sindano za dexa, ni aina ya kortizone. Mpaka sasa hakuna matibabu yenye imehakikishwa inaunganisha moeli yenye ilikatika, na kortizone kwa mutu wa risasi haisaidii, inaongeza mikrobe. Sitaki ile parsele ya baba iishie mule.

Sonda sasa, ile mupira ya kutoa mukojo, na hapa nitakaa kidogo. Sonda moja miezi mingi haiwezekani. Ile ya kubaki ndani inabadilishwa kila wiki 2 mpaka 4, ikipita pale inafanya mawe ndani, inaziba, mukojo inarudia ku figo. Wakati munangoja, mufunge ile mupira ku tumbo chini ya kitovu na sparadra, uume ukiangalia juu, juu ikivutwa chini kila siku inapasua njia ya mukojo. Sashe, ile mufuko ya mukojo, ikae chini ya kibofu siku zote. Naonaka bagonjwa banabebwa ku pikipiki na sashe imewekwa ku mapaja ao ndani ya koti ya kifua ili batu basiione, mukojo ya jana inarudi ndani na mikrobe yake, na kesho homa.

Lakini kwa kijana mwenye mikono mizima, dawa ya kweli ni kuacha sonda ya kubaki na kujifunza kujitia sonda mwenyewe kila masaa 4 mpaka 6, anamwaga mukojo, anaitoa. Ni Lapides, munganga Mwamerika, alionesha mwaka 1972 kama haiombi vitu vya salle ya operasio, mikono yenye kuoshwa na sabuni na sonda safi inatosha. Kipimo ni mukojo isipite mililita 500 kwa mara moja, ikipita aongeze mara ao apunguze kunywa mangaribi. Anywe kama litre moja na nusu mpaka 2 kwa siku, agawanye. Fasi sonda ni za shida, moja ya mutu mmoja inaoshwa na sabuni, inakaushwa, inatumika tena mara kadhaa, asimupatie mwingine hata siku moja. Mara ya kwanza infirmie asimame pembeni, tafazali msijifunze peke yenu ku video. Mukojo ikiwa na ukungu ao ikinuka kidogo bila homa, msinywe antibiotiki, mutazoesha mikrobe. Homa, baridi ya kutetemeka, damu, miguu kuruka kupita kawaida, hapo ni kweli ugonjwa, muende. Na mara moja kwa mwaka afanye ekografi ya figo na kipimo ya damu ya figo, hata kama anajisikia muzima.

Choo, kwa kifupi, ipewe saa yake. Kila siku ao kila siku ya pili, saa ile ile, nusu saa nyuma ya kula na kunywa kitu ya moto, kidole na glavu na mafuta inazungushwa pole ku tundu ya nyuma, matumbo inajibu. Nyuma ya wiki kadhaa inazoea na hachafuki tena inje ya saa.

Yule muzee wa kukanda, mumushukuru na mumuombe aache maji ya moto leo. Mudogo yako hasikii moto. Nimeona ngozi ya miguu imetoka yote na taulo ya maji yenye kila mutu alisema ni ya kawaida tu, na nimeona mwenye alikaa karibu na mbabula juu ya baridi na hakujua kama muguu inaungua mpaka alisikia harufu. Maji yote yenye itamugusa chini ya kitovu, ipimwe kwanza na kiko ya mutu mwenye anasikia. Kumunyoosha na mikono, bila moto na bila kuvuta kwa nguvu, muzee anaweza kuendelea kama anapenda. Mifupa ya miguu yenye haisimami inakuwa mwepesi, inavunjika haraka, na hatalia.

Fiancée yake umujibu ukweli. Kuzaa kunawezekana. Banaume bengi benye moeli iliumia banasimamisha bado pale banaguswa, lakini haikai muda, kuko vidonge kama sildenafil vinasaidia, munganga aangalie kwanza roho na dawa zingine. Kutoa mbegu njo kazi kubwa, mara mingi haitoki yenyewe, lakini kuko njia za kusaidia na mimba zimepatikana. Bamama benye balipigwa risasi banabebaka mimba na banazaa, naandika hii juu mara mingi batu habaulizaki mambo yao. Afazali hao babili baende pamoja ku munganga, wewe ukae inje ya ile mazungumuzo.

Parsele basi. Shauri yangu ni musiiuzishe juu ya risasi. Zamani, mu vita ya kwanza ya dunia, mwanajeshi mwenye moeli ilikatika alikuwa anahesabiwa kama ameisha kufa, eskari na figo zilikuwa zinamumaliza. Mwaka 1944 munganga Ludwig Guttmann alifungua service ku Stoke Mandeville, Uingereza, hakuwa na dawa ya moeli, alikuwa na kugeuza bagonjwa kila masaa 2, kuchunga kibofu, na kubaondoa ku kitanda baende kazi na michezo. Mwaka 1948 alipanga mashindano ya mishale na batu 16 ku viti vyao, na pale njo kulitoka michezo ya Paralympique. Bagonjwa balianza kuishi. Hata leo kule kwenye feza iko mingi, sehemu kubwa ya kazi ni ile.

Kama muko na makuta kidogo, iende ku matela mzuri ya muse, kwenye mto ya kukalia, sonda, kupanua mulango, kusawazisha njia ya choo. Na kiti. Kwenye mawe yetu ya volkano kiti ya lopitali yenye magurudumu kadogo mbele inakwama na inamutupa, tafuta ile ya magurudumu 3 yenye gurudumu ya mbele ni kubwa na iko mbali, na ipimwe ku mwili wake. Akikaa, kila dakika 15 mpaka 30 ainamie magoti yake, makalio yapumue karibu dakika 2. Hapa Goma muulize ku Shirika la Umoja, kituo ya kusaidia walemavu, banganga na bakine ba pale banajua viti na vifaa, na CICR, Musalaba Mwekundu ya kimataifa, imebasaidiaka miaka mingi. Ku lopitali ya CBCA Ndosho kuko experience kubwa ya batu ba masasi, HEAL Africa pia. Wale ba Bukavu baulize ku Heri Kwetu, kituo ya namna ile. Kabla ya kulipa kitu, muulize kama majeruhi ba vita banatunziwa bure.

Na yeye mwenyewe, je, ameisha kuambiwa? Katika barua yako yote sikuona fasi moja mulimuuliza anataka nini. Mutu wa D8 mwenye mikono na kifua nguvu anaweza kujihamisha mwenyewe kutoka kitanda mpaka kiti, kujiosha, kupika, kutumika. Munaonaka wale ba baskeli za magurudumu 3 benye banapitishaka bidhaa ku Petite Barrière, mupaka na Rwanda, bamoja kati yao ni baba ba famille na banalisha batu. Mumutafutie mmoja mwenye moeli iliumia na anaishi ku kiti, bakae babili bila ninyi. Akisema hataki tena kuishi, ao anakataa kula, musimuache peke yake na mumuambie munganga siku ile ile, hiyo pia ni ugonjwa na inatunzwa.

Kukimbia lopitali bila kungoja: homa na baridi, kidonda yenye inanuka, mukojo yenye haitoki masaa mingi, muguu moja kuvimba na kuwa moto kupita mwingine, kukata pumzi kwa gafula, ganzi yenye inapanda juu ya kitovu ao mikono inaanza kulegea. Na kwa famille ingine zenye mugonjwa wao alipigwa juu zaidi, D6 kupanda mpaka shingo: akipata kichwa kuuma sana kwa gafula, jasho ku uso, uso kuwaka, mumukalishe wima palepale, mulegeze nguo, muangalie kama sonda imezibwa ao imekunjika, kisha choo. Tension inaweza kupanda mpaka kupasua mishipa ya kichwa, haingoji asubui.

Ukienda naye, beba ile radio na karatasi ya kutoka lopitali, na uulize maswali 3: alipimwa ku tundu ya nyuma na ilionesha nini, nani atamufundisha kujitia sonda, na ni nani atapima kiti. Kidonda bataiona benyewe, lakini uianze ile mbele ya yote.